Jamara Zilizoona Jua

Boudha,
Kathmandu.
16 Oktoba 2019

Shangazi yangu mpendwa Harikala,

Barua hii ikukute umekaa penye jua na magoti yako yamefunikwa shali, si kama nilivyokuota juzi, umepanda juu ya paa kuanua nguo. Niliamka nikakugombeza peke yangu kitandani. Je, hujambo? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unamficha mwanao Nabin ili asikupeleke kwa daktari? Nakujua, usinidanganye. Na Mzee Lokendra, sukari yake imetulia? Mvua za Shillong nazo zimechoka, au bado zinawagongea madirisha?

Sisi huku wazima. Phurba yuko kazini kwake, anachora mawingu kwenye vitambaa vya mahekalu kama kawaida, na akirudi nyumbani ana rangi ya samawati mpaka masikioni. Lhamu ametimiza miaka minane, meno mawili ya mbele hayapo, na maswali yameongezeka. Mimi bado nafuma sweta pale kiwandani, na bado nasahau ninachofanya katikati ya mstari. Msimamizi anasema nina kichwa cha ukungu. Sikatai.

Uliniuliza katika barua yako ya mwisho kama mwaka huu nitakwenda nyumbani kwa sikukuu ya Dashain, au nitajikunyata tena hapa mjini nikisikiliza shangwe za wenzangu. Nilikwenda, shangazi. Baada ya miaka kumi na moja, nilikwenda. Kaa vizuri, mwambie mkamwana wako Rupa akuletee chai, maana habari hii si ya kusoma umesimama.

Unakumbuka alichosema Baba siku niliyoolewa na Phurba. Maji yakimwagika hayazoleki. Binti wa ukoo wa Khadka hali wali wa mtu wa kabila la Tamang, na akiula si binti wa Khadka tena. Tangu hapo, kila Dashain ikiisha, wenzangu kiwandani hurudi na tika, mchele wa baraka waliobandikwa na wazee wao, mapaji mekundu kama mapambazuko, na mimi narudi na paji langu kavu. Huniuliza, kwani wewe kwenu hakuna wazee? Nami hucheka. Sikutaka mashamba ya Baba, shangazi, wala nyumba, wala neno la kuomba radhi. Nilitaka mkono wake hapa kwenye paji langu, mara moja tu, kabla hajazeeka kabisa, na kabla Lhamu hajawa mkubwa wa kuniuliza kwa nini babu yake hatutaki.

Aliyeniita ni Mama. Alipiga simu akiwa amejificha zizini, nikamsikia nyati wao wa maziwa akitafuna nyuma yake. Akanong'ona: "Njoo. Usiulize kama amekubali. Njoo tu." Kisha simu ikakatika, au aliikata mwenyewe, maana Mama unamjua.

Lhamu nilimwambia tunakwenda likizo milimani. Sikuwa na ujasiri wa kumtajia babu wala bibi, nikihofia tutafukuzwa mlangoni na mtoto aone. Phurba naye, bila kuniambia, aliagiza chumba katika nyumba ya wageni pale Charikot, cha kukimbilia mambo yakiharibika. Nilipogundua nilimwambia, wewe unakwenda ukweni au unakwenda vitani? Akasema, "Mke wangu, mimi nakwenda kwa baba yako. Ni vyote viwili."

Njiani sikumbuki mengi. Nilikuwa nusu nimelala, kichwa kwenye kioo cha basi, na kila nilipofumbua macho kulikuwa na bonde jingine chini yetu, mpunga umeiva, halafu wingu linapita na kulifuta. Baada ya Charikot tulipanda jipu, na baada ya jipu tukapanda kwa miguu. Ukungu ulikuwa mzito hata sikumwona Phurba mbele yangu, niliona begi lake tu likipanda ngazi za mawe peke yake. Nikawaza, pengine sijaondoka Boudha. Pengine nimesinzia juu ya sweta ya mtu. Kisha nikasikia sauti ya Mama ikisema, "Mbona umekonda hivi?" nikajua nimefika.

Lo, shangazi, Mama alivyonishika! Hakulia. Alinipapasa tu mikono, mabega, masikio, kama mtu anayehesabu kuku wake jioni. Kisha akamwona Lhamu nyuma ya miguu ya baba yake, na hapo ndipo alipolia.

Baba alikuwa barazani anasokota kamba. Alituangalia, akaangalia kamba, akaendelea kusokota. Hakusema njooni, hakusema tokeni. Mama akakichukua kimya hicho kama ruhusa, akatupandisha kwenye dari ya zizi la nyati, juu ya nyasi kavu, mahali tulipokuwa tukijificha mimi na wewe ulipokuwa ukija kutusalimu. Ndani ya nyumba hatukuingia. Jikoni ndiyo usiseme. Chakula tuliletewa barazani, na Baba alikula peke yake ndani, mgongo kwa mlango.

Lakini ngoja nikwambie, sijawahi kulala vile. Nyasi zilikuwa za joto, nyati anapumua chini yetu polepole, na kulipokucha Lhamu alifungua kijimlango cha dari akapiga kelele. Ukungu ulikuwa umeshuka bondeni, sisi tuko juu yake, na mlima Gaurishankar umesimama mbele yetu mweupe, karibu kiasi cha kuugusa kwa mkono. Phurba alikaa pale bila kuvaa viatu mpaka chai ikapoa. Miaka yote anachora mlima ule akiwa hajawahi kuuona asubuhi kutoka kwetu. Aliniambia kwa huzuni kabisa kwamba amekuwa akiuchora vibaya.

Siku zile zilipita hivyohivyo, nusu ndoto. Naamka, nakoka moto wa nje na Mama, napepeta mchele, nasikia vijana wakiimba wakisuka kamba za bembea, napotea mawazoni, nashtuka jua limeshafika mgongoni. Nilikuwa nyumbani na sikuwa nyumbani.

Sasa nikuambie kaka yako alivyokuwa akizungumza nasi. Alikuwa anazungumza na nyati. Ndiyo, na Tare, yule mwenye alama nyeupe usoni, mtoto wa yule uliyemjua wewe. Anasimama uani, uso kwa nyati, na kusema kwa sauti: "Tare, mwambie aliyekaa hapo njiani asogeze miguu, watu wanapita." Au: "Tare, kuna mtu anasahau maziwa motoni, yanamwagika." Kweli nilikuwa nimeyasahau. Naruka, natoa sufuria, na yeye keshaondoka zake.

Lhamu alimtazama siku nzima. Mwishowe akamsogelea akamuuliza: "Babu, mbona unaongea na nyati tu?"

"Kwa sababu hanijibu," Baba akasema.

"Mimi nikikaa kimya utaongea na mimi?"

Baba akakohoa, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Kisha akasema, "Tare, huyu mtoto amefundishwa na nani?" Lakini niliona masharubu yake yakicheza, shangazi, naapa.

Phurba naye, Mama alimwomba apake ukuta udongo mwekundu na chokaa kwa ajili ya sikukuu, maana kaka yangu hakupata ruhusa ya kuja kutoka Korea mwaka huu na Baba hawezi tena kupanda ngazi. Akapaka vizuri. Ila mkono una mazoea yake: alipofika chini ya madirisha akachora mawingu madogomadogo ya chokaa, yamejikunja kama ya kwenye vitambaa vyake. Nilipoyaona nikasema, tumekwisha. Baba alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu. Kisha akamwambia nyati, "Tare, mwaka huu mawingu yameota ukutani kwetu," akaenda zake shambani. Hakuyafuta.

Siku ya nane ya Dashain bembea ikawa tayari, kule kwenye uwanja wa kisimani, mianzi minne mirefu imefungwa juu. Mama alipanda! Mama, na miaka yake sitini na mitatu, sari imekunjwa kiunoni, akipiga ukelele kama msichana. Alisema hawezi kuimaliza Dashain bila miguu yake kuachana na ardhi, la sivyo mabaya ya mwaka mzima yatamganda. Kisha wakanisukumia mimi. Nilikuwa sijabembea tangu nilipoondoka. Nilipofika juu kabisa, pale ambapo kamba inalegea na mwili hauna uzito, niliona kila kitu kwa pamoja: paa letu, matuta ya ulezi, theluji, moshi wa kila nyumba, na kofia ya Baba, ndogo, tuta la tatu kutoka chini, imeinuliwa juu kunitazama. Niliporudi juu mara ya pili alikuwa amegeuka. Nilitamani bembea ile isishuke.

Na sasa kisa chenyewe. Unajua chumba kile kidogo cha upande wa kaskazini, Baba anamopanda jamara siku ya kwanza ya Dashain. Shayiri ndani ya mchanga, kwenye mabakuli ya majani yaliyoshonwa, giza totoro, dirisha limefungwa kwa komeo la nje, na hakuna anayeingia isipokuwa yeye, kila alfajiri, na maji na taa ya mafuta. Unajua anavyojivunia rangi yake. Kijiji kizima wanasema, jamara manjano ni za Dambar, zimenyooka kama nywele za mzungu. Zile ndizo huwekwa masikioni mwa mtu baada ya tika, na zisipokuwa manjano, wazee husema baraka zimevuja.

Siku ya tisa asubuhi Baba aliingia mle kwa wakati asioingia kamwe, jua limeshapanda, kuchukua panga na shoka za kufanyiwa ibada ya zana za kazi. Tukasikia kishindo. Kisha tukasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa baba yangu, kama ya mtu aliyekanyaga mwiba.

"Nani amefungua dirisha hili?"

Mama akakimbilia mlangoni. "Labda paka," akasema.

"Paka anajua kuondoa komeo?"

Akatoka na bakuli moja mikononi. Shangazi, zilikuwa kijani. Si kijani kidogo. Kijani kama mpunga wa mwezi wa saba. Nilijua watu watakachosema: binti aliyemwagika amerudi na mumewe Mtamang, wakakaa juu ya zizi, na jamara za ukoo zikabadilika rangi.

Lhamu akatoka nyuma ya kuni. Nilimkonyeza anyamaze. Yeye na kunyamaza wapi na wapi.

"Ni mimi, Babu," akasema. "Nilichungulia kwenye ufa wa dirisha nikaona wamepauka kama wagonjwa. Nikapanda juu ya kuni nikawafungulia, waone mlima. Jioni nilikuwa nawafungia, wasipate baridi."

"Siku ngapi?"

"Tatu. Na leo nne."

Alfajiri zote zile Baba alikuwa akizimwagilia maji kwa mwanga wa taa ya mafuta, na kwa taa ile kila kitu ni manjano. Ndiyo maana hakuona. Hakumwambia Lhamu kitu. Hakumwambia hata nyati.

Mama akajaribu kuokoa jahazi. "Nitaruka kwa Padam hapo jirani," akasema, "niazime konzi moja tu. Zao ni manjano, nimeziona."

"Kwa Padam?" Hapo sauti ikamrudia. "Miaka arobaini napanda mwenyewe, leo nikaombe kwa Padam? Afadhali niwavalishe watu majani ya viazi!"

Akachukua bakuli lake akateremka nalo mpaka ukingo wa tuta, akaliweka ukutani penye jua, akaketi kando yake. Wala hakugeuka.

Nilimfokea mtoto, shangazi, na bado najuta. Nilimvuta mkono nikampandisha darini, nikaanza kukunja nguo. Nikasema tunakwenda Charikot leo hii. Lhamu hakulia. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, kwani kumfungulia mtu dirisha ni vibaya?" Nililia mimi.

Phurba alikaa kwenye nyasi akinitazama nikikunja shati lilelile mara tatu. Akasema, "Ngoja kwanza. Mtu akikasirika sana huwa anafukuza. Huyu hajafukuza."

"Hajafukuza kwa sababu hazungumzi nasi!"

"Basi tungoje azungumze," akasema. Ndiyo Phurba huyo. Nyumba ikiungua atangoja aone moshi unaelekea wapi.

Mchana ukungu ukapanda kutoka bondeni. Niliuona ukimfikia Baba pale ukutani. Kwanza ukamfunika miguu, kisha bakuli lake la majani, kisha kifua, ikabaki kofia inaelea. Kisha kofia nayo ikaenda. Nilisimama kwenye kijimlango cha dari nikitazama weupe ule mtupu, nikawaza, hivi ndivyo nilivyokaa naye miaka kumi na moja, najua yuko mahali na simwoni. Ukungu ulipoondoka alikuwa ameshanyanyuka, na bakuli pia. Jioni alikula kama kawaida, mgongo kwa mlango. Hakuna aliyejua ameamua nini.

Siku ya kumi, siku yenyewe ya tika, redio ilitangaza saa ya heri kuwa saa tano na dakika zake. Mabegi yetu yalikuwa tayari. Nilimvalisha Lhamu gauni lake jipya, nikakaa naye na baba yake kwenye gogo pembeni mwa zizi, mbali na watu. Nilijiambia tutatazama tu, kisha tutashuka polepole kabla ngazi hazijalowa. Ndugu wa ukoo wakajaa uani. Baba akaketi kwenye mkeka na sinia lake, mchele umevurugwa kwa mtindi na rangi nyekundu, na kando yake mabakuli mawili ya jamara. Kijani. Hakuazima.

Padam mwenyewe alikuwa mbele, manjano zake zimechomekwa juu ya masikio kama pembe. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Dambar! Mwaka huu umepanda mpunga?"

Baba akamtazama kwa utulivu kabisa. "Zangu zimepata jua," akasema. "Zako zina homa ya manjano. Mpelekeni mwenye nazo hospitali."

Uani pakaripuka kicheko. Hata Mama aliziba mdomo kwa ncha ya sari. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia neno moja tu, kwamba zimepata jua.

Alimaliza wakubwa, akamaliza vijana, akafuta mikono. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Nikainuka kuchukua begi.

"Aliyefungua dirisha aje," Baba akasema.

Lhamu akaenda mbio bila kunitazama. Baba akamketisha mbele yake, akambandika tika paji zima mpaka nyusi zikapotea, akamchomekea jamara kwenye kila msuko, nne, tano, mpaka mtoto akawa kama kichaka. Akamwombea umri mrefu na akili zaidi ya hizo alizonazo, ingawa alisema anahofia ongezeko.

Kisha akainua kichwa. Nyati alikuwa pale pale, amefungwa mbele yake, na nilidhani atamgeukia. Hakumgeukia. Akanitazama mimi, shangazi. Machoni. Macho yamezeeka, sikujua yamezeeka hivyo.

"Menuka," akasema. "Na wewe njoo."

Sikumbuki jinsi nilivyouvuka uwanja ule. Nakumbuka ubaridi wa mtindi kwenye paji langu na vidole vyake, akibandika, akibandika tena, kama hajui kiasi kinachotosha. Maneno ya baraka, yale anayoyajua tangu utoto, yalimkatika katikati. Akaacha. Akachomeka jamara nyuma ya sikio langu. Nilikuwa nimepata nilichokuja kutafuta, nikataka kuondoka kabla sijaangua kilio mbele ya Padam.

Ndipo Baba akainama mbele, ghafla, kichwa kinashuka.

Phurba akaruka! Kwao watoto ndio huinamia wazee, na miaka yote hii mimi sikuwahi kumweleza ya kwetu, kwa sababu mambo ya binti anayetambuliwa na baba yake hayakunihusu tena. Alidhani mzee anazimia. Aliruka kutoka kwenye gogo, akavuka watu, akamdaka mabega akipiga kelele, "Mshikeni! Baba anaanguka!"

Baba akageuza shingo akamtazama, ameshikwa kama gunia, kofia imekaa upande. Na hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyopata kumwambia mume wangu tangu kuzaliwa kwake:

"Niachie, bwana. Nina kazi huku chini."

Phurba akamwachia. Na Baba akamaliza kushuka, polepole, kwa magoti yake mabovu kama yako, akaweka paji lake juu ya miguu yangu, kama baba wa kwetu anavyomfanyia binti wa nyumba yake. Hakuinuka upesi. Kofia ilianguka. Nilikiona kichwa chake kwa juu, kimeanza upara, na nikahisi miguu yangu inalowa. Shangazi, nilikuja kutafuta mkono. Hili sikuwa nimethubutu hata kuliota, mimi ninayeota mchana kutwa.

Alipoinuka alimtazama Phurba aliyebaki amesimama na mikono hewani. "Na wewe mdaka wazee," akasema, "kaa hapo. Mchele haujaisha."

Tulikaa mpaka mwezi mpevu. Usidhani dunia imegeuka kwa siku moja: Phurba bado hajaingia jikoni, na Baba bado anakula na mgongo kwa mlango, ingawa mlango sasa hauufungi. Nyumba ya wageni ya Charikot hatukuiona hata kwa dirisha la jipu.

Kikaratasi kilichokunjwa humu ndani ni chako, tika na jamara zako. Kaka yako amezikunja mwenyewe, akaniagiza nikuandikie: mwambie dada yangu hazikuoza, zimeona jua, azivae bila wasiwasi.

Nisalimie Mzee Lokendra na umwambie apunguze peremende. Nisalimie Nabin na Rupa, na mjukuu wako Tinku mpe busu kwenye kila shavu, moja la Lhamu na moja langu. Mama anakusalimu sana, anasema mwaka ujao uje ubembee naye, magoti au si magoti. Mungu akuweke, akupe usingizi mwepesi na asubuhi zisizo na kikohozi, na akulinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi nikupendaye siku zote,

Menuka,
binti wa kaka yako.